Ufundi wa Kukabidhi

Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita moja tu. Anaishi udongoni na kwenye matunda yanayooza, anakula bakteria, na hamdhuru mtu wala mmea. Mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo ukimweka chini ya hadubini unaziona seli zake zikigawanyika naye yu hai. Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston huko Afrika Kusini, alimchagua mnyoo huyu miaka ya 1960 akiwa Cambridge, Uingereza, na mwaka 1974 akatoa makala iliyofungua jenetiki yake. Tangu hapo, Tuzo za Nobel za 2002, 2006, 2008 na 2024 zimewaendea watafiti waliomtumia. Wengi husifu ugunduzi wenyewe, na unastahili sifa. Mimi navutiwa na kilichokuwa nyuma yake: namna watu hawa walivyojifunza kukabidhiana kazi ambayo bado haijakamilika, wakaigeuza kuwa ufundi wenye kanuni, vifaa na adabu zake.

Nauita ufundi kwa sababu nia njema peke yake haitoshi. Mtu anaweza kuwa mkarimu na bado akampa mwenzake jedwali lisilo na vichwa vya safu, chupa isiyo na kibandiko, au jeni yenye majina matatu tofauti. Matokeo ya utafiti hayawi mali ya wanasayansi wote siku yanapotangazwa. Yanakuwa yao siku mgeni asiyemjua mwenye kazi anapoweza kuyachukua, kuyajaribu na kuendelea nayo bila kulazimika kuuliza. Kumfikisha mgeni huyo hapo kunataka mikono yenye subira.

Tuanze na majina. Mwaka 1979 Robert Horvitz, Brenner, Jonathan Hodgkin na Robert Herman walichapisha kanuni ambazo misingi yake inafuatwa hadi leo. Kila jeni hupewa herufi ndogo tatu au nne, kistari na namba. Herufi unc ni za minyoo wasiokwenda sawasawa, dpy ni za wafupi wanene, lin ni za wale ambao ukoo wa seli zao umevurugika. Kila badiliko la jeni nalo hupewa herufi ya maabara lilikopatikana pamoja na namba yake. Ukisoma unc-22(e66), ile e inakuambia kwamba badiliko hilo lilipatikana Cambridge, na 66 inalitenga na mengine yote. Herufi za maabara husajiliwa, hivyo watu wawili hawagongani. Jina moja fupi linakueleza mnyoo ana kasoro gani na ukabishe mlango wa nani ukitaka kujua zaidi. Kazi ya kupanga majina haimpi mtu umaarufu, lakini bila hiyo kila maabara ingesema lugha yake.

Jina halifai kitu kama mnyoo mwenyewe amepotea. Kizazi kimoja huchukua siku tatu hivi, na kadiri vizazi vinavyopita, mabadiliko mapya ya jeni huingia bila mtu kuyaona. Mnyoo uliyemchunguza mwaka jana si yule uliye naye leo. John Sulston, aliyejiunga na Brenner mwaka 1969, ndiye aliyebuni njia ya kuwagandisha: minyoo wachanga walioishiwa chakula hutiwa kwenye maji yenye gliseroli, hupozwa polepole, kisha huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika. Wakiyeyushwa baada ya miaka mingi, baadhi yao huamka na kuendelea kuzaa. Mwaka 1979 kikaanzishwa nchini Marekani kituo cha pamoja, Caenorhabditis Genetics Center, cha kuwatunza na kuwapelekea watafiti wanaowahitaji.

Kifurushi kinachofika kutoka huko hakina fahari yoyote. Ndani mna sahani ndogo ya plastiki iliyozungushiwa utepe, na ndani ya sahani mna agari ambayo bakteria wake wamekwisha kuliwa njiani. Mpokeaji hupitisha kisu kidogo kwenye moto, hukata kipande cha agari na kukilaza kifudifudi kwenye sahani mpya yenye chakula. Baada ya muda mfupi minyoo wanajitokeza kwenye kingo za kipande na kusambaa, wakiacha michirizi iliyopindapinda juu ya bakteria. Maandishi yaliyokuja na sahani ni machache, nayo ni jina la aina na jeni zake. Aliyeyaandika na aliyeyapokea huenda wasionane maishani, na kazi haitaharibika kwa hilo, kwa kuwa kila kinachohitajika kimeshasemwa.

Kulikuwa na karatasi pia. Desemba 1975 Bob Edgar, wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, alianzisha kijarida cha Worm Breeder's Gazette. Mchangiaji alituma ukurasa wake mfupi, nao ukasambazwa bila kupitishwa kwenye jopo la wahakiki na bila kungoja matokeo yatimie. Mtu aliweza kueleza alipofika, mbinu iliyomfaa na iliyomkatalia. Sharti lilikuwa moja, nalo zito: yaliyomo yahesabiwe kuwa mazungumzo baina ya wenzi, asiyanukuu mtu kwenye makala bila idhini ya aliyeyaandika. Sharti hilo ndilo lililowapa watu moyo wa kusema mapema. Mwaka 1993 Martin Chalfie aliwaeleza wenzake humo jinsi protini ya kijani inayong'aa, iliyotokana na yavuyavu wa baharini, inavyoweza kuonyesha jeni ikifanya kazi ndani ya mnyoo aliye hai. Makala yake katika jarida la Science ilitoka Februari 1994. Wasomaji wa Gazette walikuwa na habari hiyo miezi kadhaa kabla.

Hapa pana jambo ambalo haki inataka lisemwe. Jeni ya protini hiyo ilisomwa na Douglas Prasher, aliyekuwa Woods Hole, Massachusetts, akaichapisha mwaka 1992. Fedha za utafiti wake zilipokatika, aliitoa kwa Chalfie na kwa Roger Tsien walipoiomba, naye akaachana na kazi hiyo. Hao wawili walipotangazwa washindi wa Nobel mwaka 2008, pamoja na Osamu Shimomura, Prasher alikuwa dereva wa gari la kubebea wateja wa duka la magari huko Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walieleza hadharani uzito wa mchango wake, na akaenda Stockholm akiwa mgeni wao. Yeye alitimiza ufundi wake: jeni aliyoituma ilifanya kazi mikononi mwa wengine. Lakini kukabidhi kuna nusu mbili. Nusu ya pili ni ya wanaopokea, pamoja na taasisi na mifuko ya fedha inayowazunguka. Sayansi inayofurahia zawadi na kumwacha mtoaji akose riziki katika fani yake haijaujua ufundi huu vya kutosha.

Nusu zote mbili zilikutana vizuri mwaka 1992. Victor Ambros na Gary Ruvkun walikuwa wamefanya kazi pamoja katika maabara ya Horvitz, na sasa kila mmoja alikuwa na maabara yake Massachusetts. Kwa Ambros, Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum walikuwa wameisaka jeni ya lin-4 kwa muda mrefu, hadi wakabaini kwamba haitengenezi protini bali kipande kifupi cha RNA chenye herufi 22. Kwa Ruvkun ulikuwapo mfuatano wa herufi za lin-14, na ilijulikana kwamba jeni hiyo inadhibitiwa kupitia sehemu yake ya mwishoni. Jibu halikuwa kwa huyu wala kwa yule. Walipopeana mifuatano yao kabla ya kuichapisha, kila mmoja akaona jambo lile lile: herufi za lin-4 zinaoana na herufi zinazojirudia mwishoni mwa lin-14. Ndivyo aina hii ya RNA fupi, mikroRNA, ilivyojulikana. Makala zao mbili zilitoka pamoja katika jarida la Cell Desemba 1993, na Nobel ikaja 2024. Ninachokisifu zaidi hapa ni usahihi. Katika kipande cha herufi 22, makosa machache yangeweza kuuficha uhusiano huo. Waliaminiana, ndiyo, lakini imani hiyo ilizaa kwa sababu kila upande ulileta herufi zilizokaguliwa.

Bingwa wa ufundi huu, kwa macho yangu, ni Sulston. Subira aliijenga kwenye hadubini. Kwa mwaka mmoja na nusu alikaa vikao viwili kwa siku, saa nne kila kikao, akichora kwa mkono seli za kiinitete zinavyogawanyika. Mwaka 1983 yeye na wenzake walikamilisha ukoo wote wa seli za mnyoo, kuanzia yai moja hadi seli 959 za mwili wa mnyoo mzima. Kisha yeye na Alan Coulson wakaingia kwenye ramani ya DNA. Waliikata DNA ya mnyoo vipande maelfu, wakakipa kila kipande alama za kukitambulisha, wakatafuta vinavyolaliana kingo kama makuti ya paa, hadi safu ndefu zikaanza kujitokeza. Hawakusubiri paa likamilike. Mtafiti aliyekuwa akiisaka jeni yake aliandika barua, akapelekewa kipande cha eneo hilo. Alichokipata kilirudi Cambridge kikaboresha ramani.

Baadaye walisambaza kitu ambacho natamani kila mwanafunzi wa sayansi akijue: utando mdogo wenye vitone vya DNA vilivyopangwa safu kwa safu, kila kitone kikiwakilisha sehemu inayojulikana ya kromosomu sita za mnyoo. Mtu aliulowesha kwa kipande cha jeni yake kilichotiwa alama, akaangalia ni kitone kipi kimeitikia, akahesabu safu na kujua jeni yake inakaa wapi. Kazi ya miaka ya watu wawili watatu ilikuwa imefungashwa kwenye bahasha, na aliyeipokea aliimaliza sehemu yake mezani kwake. Sijui sifa kubwa zaidi ya kumpa mwandaaji wa data.

Sulston na Robert Waterston wa St. Louis wakaisoma karibu DNA yote hiyo, herufi zipatazo milioni 97, na kuichapisha Desemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mnyama yeyote. Mazoea yao waliyahamishia kwenye jenomu, yaani DNA yote, ya binadamu. Februari 1996, katika mkutano wa Bermuda, walisimama mstari wa mbele kutetea kanuni kwamba kila mfuatano mrefu kuliko herufi elfu moja uwekwe hadharani, ikiwezekana ndani ya saa 24. Mwaka 2003, katika mkutano wa Fort Lauderdale, watumiaji wa data nao walipewa wajibu wao: wawatambue waliozalisha data na kuwaachia nafasi ya kuchapisha kwanza uchambuzi wao wa jumla.

Fungua rekodi moja ya GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya DNA, uione adabu hiyo kwa macho. Juu pana namba ya usajili, kisha nukta, kisha namba ya toleo. Mfuatano ukisahihishwa, namba ya toleo hupanda na la zamani hubaki linapatikana. Yanafuata majina ya walioleta na ya kiumbe ambako mfuatano ulitoka. Chini zimepangwa herufi 60 kila mstari, mafungu ya kumi kumi, na pembeni namba ya herufi ya kwanza. Mahali ambapo msomaji wa DNA hakuwa na hakika ameandika n. Naiheshimu sana herufi hiyo. Kwayo fundi anamwambia anayemfuata: hapa sikufika, usijenge juu yangu bila kupapima.

Matunda ya ufundi huu yamefika pwani yetu. Jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ilichapishwa mwaka 2002, baada ya maabara zilizoisoma kuwa zimeachia sehemu za data hiyo mapema. Kutokana na mfuatano huo watafiti waliweza kuzipitia protini za kimelea moja baada ya nyingine, na mwaka 2011 ikaonyeshwa kwamba mojawapo, RH5, inahitajika ili kimelea kiingie kwenye seli nyekundu za damu. Chanjo inayoilenga RH5 ilijaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara kwa watu wazima na watoto wa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024.

Leo DNA inasomwa Kilifi na Entebbe, na data inayotoka huku inasubiriwa na dunia. Kwa hiyo ufundi huu sasa ni wetu kuufanya na kuudai. Tuudai kwa kuandika majina ya maabara zetu kwenye kila rekodi, kwa kuwalipa wanaokagua herufi na kubandika vibandiko, na kwa kuyaweka majina yao kwenye makala pamoja na ya maprofesa. Kijana anayekaa hadi jioni akisafisha jedwali ili mtu wa Accra au Dhaka alielewe bila kupiga simu anafanya sayansi kamili, na apimwe hivyo anapoomba kazi.