Asilimia ya Diski

Kwenye depo za Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, mfuko wa kobalti haununuliwi kwa mizani peke yake. Mnunuzi hupima kilo, kisha huelekeza kwenye jiwe kifaa cha kupimia kiitwacho Metorex na kusoma asilimia ya madini yaliyomo, na bei hufuata asilimia hiyo. Diski iliyoongezwa kwenye seva pepe ya kukodi inastahili ukali uleule. Ofisi inayotunza stakabadhi za mizani na picha za mizigo hujaza seva haraka. Fundi akiongeza gigabaiti 200, mwenye ofisi huangalia namba ya df, amri inayoonyesha ukubwa wa diski, huona imekua, hulipa. Hizo ni kilo tu. Asilimia iko katika swali jingine: seva ikizimwa na kuwashwa, je, diski itarudi mahali pake bila mtu kuigusa?

Jibu limo katika faili moja fupi, fstab, inayoiambia seva diski zipi izipachike inapowaka, na humo ndimo ufundi unamoonekana. Fundi mwenye haraka huandika jina /dev/vdb. Jina hilo hutolewa kwa mpangilio ambao diski zimeonekana seva ilipowaka. Ukiongeza nyingine, vdb ya leo yaweza kuwa vdc kesho. Fundi makini huandika UUID, namba ndefu isiyobadilika hata mpangilio ubadilike. Kisha tafuta neno nofail. Lisipokuwepo na diski isionekane, Linux nyingi humsubiri mgeni asiyekuja, halafu hukwama katika hali ya dharura, nawe huwezi hata kuingia kwa SSH. Lakini nofail nayo ina hatari yake, na hapa ndipo hodari hutengana na mzoefu wa kawaida: seva huwaka bila diski, programu huendelea kuandika ndani ya folda tupu, diski ndogo ya mfumo hujaa kimyakimya, na siku diski kubwa inaporudi huzifunika faili hizo zisionekane tena. Hodari huifunga folda hiyo kwa chattr +i, amri inayozuia chochote kuandikwa ndani yake, kabla ya kuipachika diski juu yake. Diski isipokuwepo, programu hukataliwa papo hapo na kosa hujulikana siku ileile. Kufuli hiyo ndogo naithamini kuliko gigabaiti zote zilizonunuliwa.

Wapo watakaosema seva iko Ulaya au Afrika Kusini, umeme wa shirika la SNEL ukikatika Kolwezi hauifikii, kwa hiyo kuwasha upya ni hofu ya bure. Hoja ina nusu ya ukweli. Lakini kernel, kiini cha Linux, husasishwa, na mashine zinazobeba seva za wateja hufanyiwa matengenezo. Yote hayo yanaweza kuishia kwa kuzima na kuwasha. Tena seva iliyokaa mwaka mzima bila kuzimwa ndiyo inayoficha kosa vizuri zaidi, kwani hujitokeza fundi ameshalipwa na kusahau alichofanya. Wengine hupendelea LVM, inayounganisha diski ya zamani na mpya ziwe kama moja. Ni kazi nadhifu kwa kukuza nafasi, ila katika muunganisho wa kawaida diski moja ikiharibika, mfumo wote wa faili uliotandazwa juu ya zote mbili huharibika nayo. Kwa stakabadhi zitakazoulizwa baadaye na mchimbaji au serikali, naiona diski iliyosimama peke yake kuwa salama zaidi, mradi nakala ya pili ikae kwa mtoa huduma mwingine, maana nakala ya diski (snapshot) iliyo ndani ya akaunti ileile hupotea pamoja na akaunti.

Kwa hiyo usilipe kwa kuonyeshwa df. Kabla data haijahamishwa, mwambie fundi aendeshe findmnt --verify, inayokagua fstab, kisha aiwashe seva upya ukiwa umekaa naye. Diski ikirudi, andikeni faili moja juu yake, zimeni seva tena, iwasheni, muifungue faili hiyo. Ikifunguka bila fundi kugusa kitu, mlipe yote.