Kinini au Kwinini?

Kuna ubishi unaorudi mara kwa mara penye benchi la wagonjwa. Mmoja asema amepewa kinini. Mwenzake, aliyekaa miaka mingi Kigoma, amcheka: «Si kinini, ni kwinini!» Na wa tatu, aliyesoma sana Kifaransa, awacheka wote wawili. Nani ana haki? Tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana ndani yake mna kosa moja la uongo na kosa moja la kweli. Watu wengi hupigana na lile la uongo na kuliacha lile la kweli lipite.

Kwanza, jina lenyewe. Dawa hii yatoka katika ganda la mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Wahispania walilisikia jina la kina-kina huko Peru, wakaliandika kwa herufi zao q na u, ambazo mbele ya i wao huzisoma k. Wafaransa nao husoma hivyo. Lakini Waingereza huzisoma kw. Basi sisi wa Kongo tuliolipokea neno kwa Kifaransa twasema kinini; ndugu zetu wa Tanzania na Kenya waliolipokea kwa Kiingereza wasema kwinini. Hata wenye Kiingereza hawapatani: Mwingereza husema kwinini, na Wamarekani wengi husema kwainaini. Je, homa imewahi kumwuliza mgonjwa alisoma shule gani?

Wataalamu pia walijikwaa. Mwaka 1742 Linnaeus aliupa mti huo jina la Cinchona, kwa heshima ya mke wa mtawala wa Kihispania huko Peru, Countess wa Chinchón. Katika kuandika akaiacha herufi h ya kwanza. Herufi hiyo haijarudi mpaka leo, na mti haukuacha kuponya.

Sisi Wakatoliki tuna sababu ya kuipenda habari hii. Mapadri Wayezuiti ndio walioleta ganda hilo Roma katika karne ya 17, hata watu wakaliita unga wa Wayezuiti. Kardinali Juan de Lugo, wa shirika hilo, alilitetea na kuwagawia maskini wenye homa. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa katika ganda hilo dawa yenyewe, safi. Baadaye mti ulipandwa hata kwetu Kivu, katika milima ya Bukavu.

Basi kumcheka mtu kwa sababu ya k au kw ni kosa la uongo. Tukumbuke Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Watu wa Gileadi walisimama penye vivuko vya Yordani wakamwambia kila apitaye atamke neno moja, Shibolethi. Asiyeweza, akasema Sibolethi, aliuawa. Wakafa 42,000 kwa ajili ya herufi moja. Kivuko chetu leo ni mlango wa kituo cha afya. Mama anayechekwa hapo kwa neno lake hunyamaza. Haulizi tena vidonge vinywewe mara ngapi, wala hasemi ni dawa gani alimpa mtoto jana. Mwenye kumcheka amefunga kivuko.

Sasa kosa la kweli. Kwetu watu wengi huita kinini kidonge chochote: cha kichwa, cha tumbo, cha minyoo. Rwanda na Burundi ni vilevile: ikinini ni kidonge, na vikiwa vingi ni ibinini. Sababu si ngumu kuiona. Neno hili laanza na ki, kama kidonge, kama kitu; basi lugha zetu zikalipokea kama mtoto wa nyumbani. Kwinini halikuweza kuingia kwa mlango huo.

Ni jambo zuri kwa lugha, lakini ni hatari kwa mgonjwa. Mwuguzi auliza: «Mtoto amekunywa kinini?» Mama ajibu ndiyo, naye alimpa kidonge cha kutuliza maumivu tu. Au ajibu hapana, kumbe amekwisha kumpa kinini chenyewe, na sasa aongezewa. Kinini ikizidi huvumisha masikio, hudhuru macho na moyo, hushusha sukari ya damu. Tena, siku hizi malaria ya kawaida hutibiwa kwanza kwa dawa mseto zenye artemisinini. Anayeziita zote kinini hawezi kueleza alichokunywa. Na kuna dawa nyingine ya moyo, kinidini, ambayo jina lake limepita karibu sana.

Tufanye nini? Wauguzi wasiulize jina tu. Waulize rangi, pakiti, siku, na idadi ya vidonge. Wazazi watunze pakiti na kuileta. Na asiyeelewa aulize, maana kuuliza si ujinga.

Kila mtu aseme kama mama yake alivyomfundisha, kinini au kwinini. Lakini jina moja liwe la dawa moja. Heshima kwa ulimi wa maskini na uangalifu kwa dawa yake ni kazi moja ya upendo, na upendo huo twadaiwa na Bwana, aliyesema kwamba tulipomtazama mgonjwa tulimtazama Yeye.