Shujaa 'amepima' au 'imepima'? Roboti na kauli ya kutendana

Mwezi Mei 2020 Rwanda ilipeleka roboti tano kuwasaidia wahudumu wa wagonjwa wa Covid-19. Zilipima joto la mwili na kupunguza mara ambazo daktari alilazimika kumkaribia mgonjwa. Moja iliitwa Ikizere, neno la Kinyarwanda linalobeba tumaini na imani kwa pamoja. Mwaka uliofuata Kenya nayo ikapokea tatu kwa ufadhili wa Japani: Jasiri, Shujaa na Tumaini.

Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na majina, hasa haya ya kwetu. (Tumaini nalisamehe.) Ukishaiita mashine Shujaa, sarufi inakuburuta: utasema "Shujaa amenipima", si "imenipima", kwa kuwa shujaa ni mtu. Hebu jiulize, ni ushujaa gani huo wa kitu kisichoweza kuugua? Aliyekuwa jasiri pale wodini ni muuguzi, aliyerudi kwa watoto wake jioni bila kujua amebeba nini. Sifa yake ndiyo iliyovishwa chuma.

Watetezi watasema jina huondoa hofu. Kweli, huondoa. Lakini hofu ikitoka huingia mazoea, na mazoea si imani. Kiswahili kina kiambishi kidogo, -an-, kinachotutenganishia mambo haya. Naweza kuiamini roboti jinsi ninavyoamini mizani iliyokaguliwa sokoni Mwatate. Siwezi kusema tunaaminiana. Huku Chawia majirani wakisaidiana palizi, kila mmoja anajua leo ni shamba la huyu, kesho ni langu. Asiyetokea ataulizwa, na ataona haya. Ndipo kikundi kikawa kikundi. Roboti haioni haya. Ikikosea kupima, mwenye homa akaambiwa aende zake nyumbani, ataulizwa nani? Tutaambiwa ati "Shujaa alikosea", na hiyo a- itakuwa imemficha fundi, msimamizi na hata aliyeidhinisha inunuliwe.

Wanahabari wetu huandika leo "roboti amefika", kesho "roboti imefika", kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Napendekeza roboti ibaki katika ngeli ya I-ZI hata ikipewa macho na sauti tamu, na kifuani mwake, badala ya jina la kishujaa, libandikwe jina la mtu anayeisimamia pamoja na nambari yake ya simu. Mgonjwa akiwa na malalamiko, ajue ampigie nani.