Mafundi wa Wessobrunn

Mgeni anayeingia mara ya kwanza katika kanisa la abasia ya Ottobeuren, kusini mwa Ujerumani, huzitazama zile nguzo ndefu akaamini ni marumaru. Zinang'aa, na mishipa ya rangi imepita ndani yake kama ilivyo katika jiwe la mlimani. Akiweka kiganja ndipo anaposhangaa: hazina ubaridi wa jiwe. Ni jasi, madini yale yale ambayo sisi tunayapeleka kwenye viwanda vya saruji.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye gundi, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Fundi aliitia katika maji ya kukandia jasi ili isigande upesi, akapata muda wa kuifinyanga. Akagawa madonge, kila donge na rangi yake, akayakanda, akayapanga pamoja na kuyagandamiza, kisha akayakata vipande vyembamba. Katika ule mkato ndimo mishipa ilimojitokeza. Vipande vikabandikwa juu ya kiini cha nguzo, vikaachwa vikauke. Hapo ndipo subira ilipotakiwa. Alikwangua, akaziba vitundu kwa uji wa jasi, akasugua kwa jiwe. Akaziba tena, akasugua tena, kila mara kwa jiwe laini kuliko la kwanza, mpaka uso ulipokuwa tayari kwa mafuta na nta. Nguzo moja haikuwa kazi ya siku mbili tatu.

Wapo wanaoiita marumaru bandia. Sikubaliani nao hata kidogo. Mchonga mawe hupokea mishipa aliyopewa na mlima, akaishukuru au akaivumilia. Huyu wa jasi aliamua mwenyewe wekundu uishie wapi na weupe uanzie wapi, na kila mshipa unaouona pale ulipita kwanza mikononi mwake.

Abasia ya Ottobeuren ilianzishwa mwaka 764. Abate Rupert Ness ndiye aliyeanza kuijenga upya mwaka 1711, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa mwaka 1737. Alifariki mwaka 1740 kuta zikiwa bado. Michoro ikapita mikono kadhaa hadi mwaka 1748 alipokabidhiwa Johann Michael Fischer wa München, na ni yeye aliyelipatia jengo hilo lenye urefu wa mita 89 ule upana ambao linajulikana kwao hadi leo. Naye hakuiona sherehe: alifariki Mei 1766, kanisa likatabarukiwa Septemba mwaka huo huo. Dari zilipakwa picha na Johann Jakob na Franz Anton Zeiller. Vinanda viwili vikubwa vikaundwa na Karl Joseph Riepp. Lakini mapambo ya plasta, yale mawimbi na makombe yanayopanda ukutani hadi usijue ukuta umeishia wapi na picha imeanzia wapi, ni ya Johann Michael Feuchtmayer, na Feuchtmayer alitoka Wessobrunn.

Vijiji viwili vidogo, Haid na Gaispoint, kando ya abasia ya Wabenedikto ya Wessobrunn, vilitoa mafundi wa plasta kwa mamia katika karne ya 17 na ya 18. Dominikus Zimmermann, aliyejenga kanisa la Wies, alizaliwa Gaispoint. Baba alimfundisha mwana, mjomba akamchukua mpwa, wakaenda popote palipokuwa na abate mwenye ukuta mtupu. Ua la plasta lilifinyangwa pale pale, likiwa bichi, kabla halijaganda. Aliyekosea alibomoa akaanza upya.

Kisha ikaja 1803. Serikali ya Bavaria ilizitwaa nyumba za watawa, na abasia ya Wessobrunn ikafungwa. Mwaka 1810 kanisa lake lilibomolewa. Kijiji kilichopamba makanisa ya wenzake kikabaki na mnara mmoja wa kale na sehemu tu ya majengo ya watawa, ambamo dari za plasta bado zipo. Ottobeuren ilinusurika, watawa wachache waliachwa humo, na mwaka 1834 maisha ya kitawa yakafufuliwa rasmi. Kilichokufa Wessobrunn ni zaidi ya jengo. Abate hayupo, kazi haipo, na kijana hana sababu ya kukaa miaka akijifunza kukanda jasi.

Wasomaji wa Peramiho na Ndanda wanawajua Wabenedikto waliotoka Bavaria hiyo hiyo, wa St. Ottilien, na wanazikumbuka karakana zao, ambamo kijana alifundishwa kazi ya mkono kwa miaka, si kwa semina ya siku tatu. Na wa Lamu hawahitaji kuelezwa lolote: vidaka vya chokaa iliyochongwa katika nyumba zao za mawe ni vya karne ile ile ya 18.

Leo jasi imerudi madarini mwetu kwa wingi. Inatoka kwenye kalibu, ua moja kwa kila sebule, kutoka Tegeta hadi Kitengela, na mwenye nyumba husifiwa kwa kumaliza haraka. Simlaumu fundi. Tunamlipa kwa mita, tunampigia simu mchana kuuliza kama amemaliza, na akituomba siku mbili zaidi ili aichonge kona kwa mkono wake, tunatafuta fundi mwingine.