Ufundi wa Kukimbia Mbali

Huku kwetu nyanda za juu kuna imani kwamba mbio ndefu ni mapafu na miguu tu, na kwamba mtoto wa Mbeya au Iringa amezaliwa navyo vyote viwili. Kweli, Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya 1,500, na mwili uliokulia kwenye hewa nyepesi hujifunza kuitumia vizuri. Lakini hewa haimfundishi mtu kukimbia. Kukimbia mbali ni kazi ya fundi, na fundi hufundwa.

Wagiriki wa kale walilijua hilo. Michezo ya Olimpia, inayohesabiwa tangu mwaka 776 kabla ya Kristo, ilianza na shindano moja: kukimbia urefu wa uwanja mara moja, kama mita 192. Mshindi wa kwanza anayekumbukwa kwa jina ni Koroibos wa Elis, mpishi kwa mujibu wa masimulizi. Mbio ndefu, dolichos, ziliongezwa mwaka 720, na humo wakimbiaji walikwenda na kurudi mara nyingi, wakiizunguka nguzo, katika joto kali la kiangazi. Marathoni haikuwamo kabisa. Ilibuniwa kwa ajili ya michezo ya Athene ya 1896, akaishinda Mgiriki, Spyridon Louis.

Kinachonivutia zaidi ni mitungi ya mafuta ya zeituni waliyozawadiwa washindi kule Athene ya kale. Mchoraji alikuwa na jicho. Wakimbiaji wa mbio fupi amewachora magoti juu, mikono imetupwa mbele na nyuma. Wa mbio ndefu viwiko wamevibana karibu na mbavu, kifua wima, hatua haina makeke. Miaka zaidi ya 2,400 imepita, na hivyo hivyo ndivyo anavyokwenda mkimbiaji mzuri unayemwona alfajiri akiupandisha mlima wa Ipogolo kuingia Iringa mjini.

Mlima ule hauna huruma na mwenye pupa. Anayeuvamia kwa kasi huishia katikati, mikono kiunoni, akitafuta hewa. Anayeujua hufupisha hatua lakini miguu haiachi mdundo wake. Huegemea mbele kidogo kwa mwili mzima bila kukunja kiuno, macho yakiwa mita chache mbele na si kileleni. Kushuka nako kuna elimu yake, na nadhani ndiyo ngumu zaidi. Wanaofanya mazoezi kwenye barabara ya Mbeya kwenda Chunya, inayopanda hadi zaidi ya mita 2,400, wanajua kwamba anayejizuia kwa visigino wakati wa kuteremka hulipa kwa magoti yake kesho yake. Ni lazima uuachie mteremko ukubebe, huku umeshika hatamu.

Ufundi huu hauna sura moja. Februari 2, 1974, kule Christchurch, Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2, John Walker akimkaribia bila kumfikia. Wengi waliuita ujasiri. Mimi naona hesabu: mtu aliyejua pumzi yake itaishia wapi, akaitumia yote hadi hapo. Mtanzania mwenzake, Alphonce Simbu, alifanya kinyume chake katika marathoni jijini Tokyo, Septemba 2025. Alivumilia ndani ya kundi, akaingia uwanjani Mjerumani Amanal Petros akiwa mbele, akampita hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Bayi ni mtoto wa Karatu, Simbu wa Singida. Nyanda zetu zina milima, zina ubaridi wa kukimbilia, zina Uwanja wa Sokoine na Uwanja wa Samora. Lakini kwenye mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, mtoto wetu husikia neno moja tu kutoka pembeni: kazana! Walimu wa michezo wa Mbeya na Iringa, kabla ya kumpa mtoto namba ya kifuani, mfundisheni kuigawa pumzi yake, kupanda, na kushuka.