Karatasi Inayosuuzwa Baharini

Ukiingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani saa nne asubuhi, jua huwa limeshapenya palipobomoka kuba na kulala juu ya nguzo. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, na mahali pengine bado umeshika lipu ya chokaa. Mpita njia atasema ni mweupe. Aliyekaa nao ataona weupe wa chokaa, kijivu cha jiwe lililopigwa na mvua miaka mia kadhaa, na weusi wa ukungu pembeni. Kazi ya msafisha picha ni kuvifikisha vyote hivyo kwenye karatasi, na hapo ndipo swali la karatasi ipi linapoanza.

Iko karatasi iliyovikwa plastiki pande zote mbili. Dawa haizami ndani, hivyo dakika mbili za maji yanayotiririka zinaitosha, na inakauka ikiwa imenyooka. Nampigia mvuvi picha asubuhi, jioni anaondoka na yake. Siidharau hata kidogo.

Nyingine ni barita. Hii ni karatasi ya nyuzi tupu, iliyopakwa tabaka jeupe la bariamu salfeti kabla ya kumiminiwa jeletini yenye chembe za fedha. Kwa lugha ya mwashi, imepigwa lipu. Huenda ndiyo sababu naipenda kwa magofu ya Kilwa: kile kijivu cha jiwe, ambacho kwenye plastiki hunitokea kama saruji, kwenye barita kinakuwa na kina, unatamani kukigusa. Lakini nyuzi zake hunywa dawa, na kuzitapisha kunataka saa nzima ya maji.

Saa nzima ya maji, pwani hii ya visima vya chumvi! Picha zangu za kwanza nilizisuuza robo saa nikajisifu. Miaka miwili baadaye mihrabu iliota manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Kosa lilikuwa langu. Dawa ya kushikisha picha kwa kifupi huitwa haipo, na jina hilo lina utani wake: hubaki palepale unapodhani haipo.

Bahari ndiyo iliyoniokoa. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia wapiga picha wa majeshi ya majini walijua kwamba maji ya chumvi huitoa haipo upesi kuliko maji baridi, na kampuni ya Kodak ikaja kutengeneza dawa ya kusaidia kusuuza kwa kufuata siri hiyohiyo. Basi mimi huchota ndoo baharini maji yakijaa, nikayachuja kwa kitambaa cha kaniki, nikazizungusha picha humo, kisha nikamalizia kwa maji baridi. Hatua ya mwisho hairukwi, maana chumvi ikibaki huvuta unyevu na kuila fedha. Siku moja jirani alinikuta uani nimeinama juu ya beseni.

“Mwalimu, leo unafua karatasi?”

“Nafua, mama.”

“Na sabuni je?”

Nilimwonyesha bahari. Akacheka, akaenda zake.

Mpiga picha Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930, karatasi ya plastiki ilikuwa bado haijazuliwa. Picha za wazee wetu wa zama hizo zote ni za nyuzi. Kwa hiyo ukipata kabatini picha ya bibi yako amekaa kwenye kiti cha studio, ipapase mgongoni. Ikiwa ni karatasi tupu isiyoteleza, tena imejikunja kidogo, usiipeleke kupigwa laminesheni. Moto wa mashine ile unaweza kuiharibu, na plastiki ikishagandana nayo haitoki tena. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na jua.