Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kitabu na Sinema Zake

H. Rider Haggard alikitoa kitabu chake mwaka 1885, akawatunukia wavulana wote watakaokisoma, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 1929 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alikitoa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Jina hilo lilikuwa na bahati, kwa maana Sulemani na hazina zake hawakuwa wageni kwa Mwislamu wala kwa Mkristo. Kitabu hicho kimefanyiwa sinema zaidi ya mara moja, nazo ni rahisi kuzilaumu kwamba zimeiacha asili. Lililo gumu ni kueleza kilichoachwa ni kitu gani.

Kuhesabu tofauti hakutoshi. Haggard mwenyewe, katika matoleo ya kwanza, aliandika habari za kupatwa kwa jua. Baadaye akaibadili ikawa kupatwa kwa mwezi. Ikiwa mtunzi aligeuza jambo kubwa namna hiyo na kitabu kikabaki kile kile, hapana budi kutafuta kipimo kingine.

Kipimo hicho chaweza kupatikana Ufipa. Roy Willis, aliyefanya utafiti huko kati ya mwaka 1962 na 1964 na kutoa kitabu juu ya usimulizi wa Wafipa mwaka 1978, ameandika habari za Milansi, kijiji cha asili cha watawala wa nchi. Husimuliwa kwamba Ntatakwa alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe agizo kwamba mgeni asipewe kiti chake. Wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Watwa. Mke akaingiwa na hofu, akakitoa kiti. Ntatakwa aliporudi, utawala wa nchi ulikwisha kuwatokea wengine, naye akabakiwa na Milansi na heshima yake ya kale. Msimulizi wa Ufipa aweza kurefusha mwendo wa wale wageni, au kuufupisha. Aweza kuigiza sauti ya mke na kuwachekesha wasikilizaji. Lakini akikiondoa kiti, amesimulia habari nyingine.

Katika Mashimo, kiti ni cha Ignosi. Ndugu yake babaye, Twala, alimwua mfalme. Mama akakimbia na mtoto kuvuka milima. Mtoto akarudi mtu mzima kwa jina la Umbopa, mtumishi wa Wazungu, na alama ya nyoka kiunoni ikamtambulisha. Almasi ni tamaa ya wasafiri tu. Kinachoshika hadithi nzima ni urithi ulioporwa.

Picha ya mwaka 1937 ilimpa Paul Robeson nafasi ya Umbopa, nayo ikamwimbisha njiani. Nyimbo hizo hazimo kitabuni, na mfalme anayejificha si mtu wa kuimba hadharani. Hata hivyo Robeson ana haiba ya mfalme kabla hajajitambulisha. Picha ya mwaka 1950, iliyopigwa katika Kenya, Uganda, Tanganyika na nchi za jirani, ilipata tuzo za Marekani kwa upigaji na uunganishaji wa picha, na kwa macho yastahili. Humo Umbopa hujiunga na msafara safari ikiwa imekwisha anza, na habari za ukoo wake hupewa nafasi ndogo. Lakini mwishoni yeye mwenyewe hupigana na Twala. Kitabuni anayemwua Twala ni Sir Henry, Mwingereza. Hapa sinema imeliacha neno la Haggard ikakitendea kiti haki kuliko Haggard mwenyewe.

Juu ya wanawake mambo ni mabaya zaidi. Msimulizi wa kitabu hujisifu tangu mwanzo kwamba, ukimtoa Foulata na mchawi Gagool, hamna mwanamke katika habari zake. Sinema zote mbili zilitia mwanamke wa Kizungu ili pawepo mapenzi, zikamfuta Foulata kabisa. Wala asili haina usafi wa kujivunia: Haggard humwua Foulata pangoni, kisha msimulizi huona kwamba kifo hicho kimeondoa matatizo, maana Kapteni Good angalimwoa. Sinema zilimaliza kazi aliyoianza mtunzi.

Mwanalugha ataudhiwa na jambo jingine dogo. Wakukuana wa kitabu wameigwa kutoka watu wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1950 nafasi yao ilichukuliwa na Watutsi wa Rwanda, walakini majina ya Umbopa na Twala yakaachwa kama yalivyo, kama nguo zilizoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Suala hili si la vitabu vya kigeni peke yake, kwa kuwa riwaya za Kiswahili nazo zimeanza kuingia katika sinema: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Mtoto wa Sumbawanga aliyekua akisikia habari za Milansi, akionyeshwa picha ya mwaka 1950, atawatazama simba na tembo kwa furaha. Kisha atauliza Twala alikipataje kile kiti, na mama wa Ignosi alipita wapi na mtoto wake.